Hata Aliyetuletea Nenosiri Alishindwa Kukumbuka ya Kwake

Mwaka jana shangazi yangu alituma shilingi 3,000 kwa sababu nilikuwa nimekwama Nakuru bila nauli. Shida ni moja tu: sikuwa Nakuru. Nilikuwa kwa nyumba, nimelala, simu iko chaji. Aliyekuwa "Nakuru" ni mtu aliyeingia kwenye akaunti yangu usiku, akabadilisha nenosiri, kisha akaanza kuandikia watu wangu mmoja baada ya mwingine. Alijua hata kumwita shangazi kwa jina la utani ninalomwita mimi, kwa sababu alikuwa amekaa chini akasoma meseji zetu za nyuma.

Asubuhi shangazi akanipigia. "Ulifika salama?" Hapo ndipo nilijua kumeharibika.

Aliingiaje? Hakuna uchawi. Nenosiri langu lilikuwa lile nililowekewa na jamaa wa saiba nikimaliza kidato cha nne: jina langu, halafu 123. Si unajua vile huwa. Umeenda kutuma maombi ya chuo, jamaa anakuuliza kama uko na email, unasema hapana, anakufungulia, anakuchagulia nenosiri, anakuandikia nyuma ya karatasi na foleni inaendelea. Mimi nilibeba hilo nenosiri miaka minne. Nikaliweka kwa email, kwa mitandao, kwa duka fulani la viatu mtandaoni ambalo nilinunua raba mara moja tu. Siku orodha ya wateja wa hilo duka ilipovuja, maisha yangu yote yalivuja nayo.

Watu waliniambia nilikuwa mjinga, na kwa wiki mbili niliwaamini. Halafu nikaanza kusoma historia ya hiki kitu tunachokiita nenosiri, na sai nina maoni tofauti. Nenosiri limekuwa likifeli tangu siku ya kwanza, mikononi mwa watu wenye akili kutuzidi. Limefeli kwa sababu linaomba kichwa cha binadamu kifanye kazi ambayo hakikuumbwa kuifanya. Wacha nikuonyeshe.

Simsim na kibao cha mbao

Hadithi ya Ali Baba uliisikia ukiwa mdogo. Pango limejaa dhahabu, mlango unafunguka ukitaja simsim. Lakini angalia kile kinachotokea mle ndani. Ali Baba analipata lile neno kwa kujificha na kusikiliza wezi wakilisema kwa sauti. Ndugu yake Kasim anaambiwa neno lilelile, anaingia, anashikwa na tamaa, na wakati wa kutoka limemtoka kichwani. Anajaribu kutaja nafaka nyingine. Mlango hauskii. Wezi wanarudi, na mwisho wake unaujua.

Hadithi hii iliingia kwenye vitabu vya Ulaya kupitia Mfaransa Antoine Galland, ambaye alisimuliwa na Hanna Diyab, msimulizi kutoka Aleppo, mwaka 1709. Yaani miaka zaidi ya 300 iliyopita watu walishajua magonjwa mawili ya nenosiri: mwingine anaweza kulisikia, na wewe mwenyewe unaweza kulisahau.

Waroma walijua zaidi. Polybius, mwanahistoria Mgiriki aliyeishi karne ya 2 kabla ya Kristo, anaeleza jinsi jeshi la Roma lilivyolinda kambi usiku. Neno la usiku huo liliandikwa kwenye kibao cha mbao. Kibao kilipita kutoka kikosi hadi kikosi, kila kamanda akikipokea mbele ya mashahidi, na kabla giza halijaingia kilipaswa kurudi kwa mkuu aliyekitoa. Kisiporudi, alama zake zilionyesha kilikwama wapi, na mtu angejibu.

Ona akili iliyomo. Neno linalojulikana na maelfu ya watu haliwezi kubaki siri kwa muda mrefu, kwa hivyo wao walilipa maisha ya usiku mmoja tu. Mimi langu nililipa miaka minne.

Kompyuta moja, watu wengi

Nenosiri la kompyuta lilizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 kule MIT, chuo cha Marekani. Wakati huo kompyuta ilikuwa mashine ya kujaza chumba, na bei yake haikuwa ya mtu mmoja. Fernando Corbató na wenzake wakatengeneza mfumo ulioitwa CTSS, ulioonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1961. Uliwaruhusu watu wengi kutumia mashine moja kwa wakati mmoja, kila mtu kwenye meza yake. Lakini sasa faili zangu na zako ziko mahali pamoja. Nani asome za nani? Suluhisho lao lilikuwa jepesi: kila mtu apewe neno lake.

Ilichukua muda gani kabla ya kuibiwa? Usicheke. Mwaka 1962 mtafiti kijana aitwaye Allan Scherr alikuwa amepewa saa 4 kwa wiki kwenye ile mashine, na kazi yake ilihitaji zaidi. Akagundua unaweza kuomba faili lolote lichapishwe kwa kutuma kadi yenye matundu. Akaomba faili la manenosiri. Mashine, kwa adabu zake zote, ikamchapishia orodha nzima. Akaanza kuingia kwa majina ya wenzake, na ilichukua miongo kabla hajakiri.

Mwaka 1966 ikawa mbaya zaidi, na safari hii hakukuwa hata na mwizi. Wasimamizi wawili wa CTSS walikuwa wakihariri mafaili kwa wakati mmoja: mmoja salamu za siku, zile ambazo kila mtu huona akiingia, na mwingine orodha ya manenosiri. Mfumo ukayachanganya. Kila aliyeingia akakaribishwa na manenosiri ya watu wote yakiwa wazi kwenye karatasi yake. Corbató mwenyewe alisimulia kisa hiki miaka mingi baadaye, kwenye hotuba ya kupokea Tuzo ya Turing ya 1990.

Unga na chumvi

Funzo lilikuwa wazi: usihifadhi manenosiri yenyewe. Lakini kama huna nakala, utajuaje mtu ameandika la kweli?

Fikiria kinu cha posho. Mahindi yakiingia yanatoka unga, na hakuna mashine duniani ya kurudisha unga uwe mahindi. Mfumo unaweza kusaga nenosiri lako kwa hesabu, ukahifadhi unga peke yake. Ukirudi kesho ukaandika nenosiri, unasagwa tena, unga unalinganishwa na unga. Mwizi akiiba ghala, anapata unga.

Tatizo ni kwamba mahindi sawa hutoa unga sawa. Mwizi anaweza kusaga maneno yote ya kamusi nyumbani kwake, halafu alinganishe. Ndipo Robert Morris na Ken Thompson wa Bell Labs walipoandika makala yao maarufu mwaka 1979. Kabla ya kusaga, walisema, mwongezee kila mtu kitu kidogo cha kubahatisha, tofauti na cha jirani yake. Walikiita chumvi. Siongezi utamu hapa, hilo ndilo jina lake mpaka leo.

Kwenye makala hiyo waliangalia pia manenosiri 3,289 ya watumiaji halisi. Kati ya hayo, 2,831 yalikuwa mafupi kupita kiasi au mepesi kubahatisha, mengine herufi moja pekee. Hiyo ni asilimia 86. Na hawa walikuwa watu wa kompyuta miaka ya sabini, sio mimi na jamaa wa saiba.

Kuna mbwembwe hapa. Tarehe 2 Novemba 1988 programu moja inayojisambaza yenyewe iliingia kwenye maelfu ya kompyuta za intaneti ya wakati huo na kuzilemaza. Mojawapo ya mbinu zake ilikuwa kubahatisha manenosiri, na ilibeba orodha yake yenyewe ya maneno 432 ya kujaribu. Aliyeiandika alikuwa mwanafunzi wa Cornell aitwaye Robert Tappan Morris. Ndiyo. Mtoto wa yule Morris wa chumvi. Baba alionya dunia kwamba watu huchagua manenosiri mepesi. Miaka tisa baadaye mwanawe akathibitisha.

Amri zilizotuchosha

Sasa wakubwa wakaamua tatizo ni mimi na wewe. Mwaka 2003 Bill Burr wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, aliandika mwongozo. Kutoka hapo dunia nzima ikashika dini mpya: weka herufi kubwa, weka namba, weka alama, na badilisha kila baada ya miezi michache.

Matokeo unayajua kwa sababu umeyafanya. Mtu aliyekuwa na "nairobi" akaandika "Nairobi1!". Akiambiwa abadilishe, akaandika "Nairobi2!". Kompyuta ya mwizi hubahatisha hayo kabla hujamaliza kunywa chai. Mwaka 2017 Burr, akiwa ameshastaafu, aliliambia gazeti la Wall Street Journal kwamba anajutia mengi ya yale aliyoandika. Mwaka huohuo NIST ikageuza msimamo: urefu ni bora kuliko alama za ajabu, watu wasilazimishwe kubadilisha bila sababu, na tovuti ziruhusu mtu kubandika nenosiri, ili programu za kuyatunza zifanye kazi.

Soma hiyo tena. Walitufundisha vibaya kwa miaka 14, halafu wakaomba radhi. Na bado kuna tovuti leo zinakukataza kubandika.

Maghala yakamwagika

Mwaka 2009 kampuni ya RockYou, iliyotengeneza vijiprogramu vya mitandao ya kijamii, ilidukuliwa. Manenosiri milioni 32 yalitoka. Hawakuwa wameyasaga kabisa. Yalikaa mahindi mazima, miaka 30 baada ya makala ya Morris na Thompson. Lililoongoza kwa umaarufu lilikuwa 123456.

Mwaka 2012 ikawa LinkedIn. Wao walisaga, ila bila chumvi. Mwanzoni zilionekana rekodi milioni 6.5, mwaka 2016 ikajulikana kuwa zilikuwa zaidi ya milioni 100. Mwezi Juni mwaka huo akaunti za Mark Zuckerberg za Twitter na Pinterest zikaingiliwa, na ikaripotiwa kwamba nenosiri lilitoka kwenye ule mvujo wa LinkedIn. Mwenye Facebook! Dropbox nao waliingiliwa kwa sababu mfanyakazi wao alitumia kazini nenosiri alilotumia kwingine, na akaunti zaidi ya milioni 68 zikaathirika.

Hapa ndipo mchezo ulibadilika. Zamani mwizi alibahatisha. Sasa hana haja. Anachukua orodha iliyovuja kutoka duka la viatu, anaipa programu ijaribu kila email na nenosiri lake kwenye tovuti nyingine mia. Kama umetumia moja kila mahali, mlango unafunguka bila kelele. Wewe ulifikiri unafunga nyumba kumi. Kumbe ulichonga ufunguo mmoja ukaugawa kwa majirani kumi.

Kishada cha funguo

Dawa ilikuwepo kitambo. Mwaka 1997 mtaalamu wa usalama Bruce Schneier alitoa programu ya bure iitwayo Password Safe. Mwaka 2003 ikaja KeePass, 2006 1Password, 2016 Bitwarden. Google na Apple wameweka za kwao ndani ya simu. Kwa Kiswahili cha simu yako utaona imeandikwa "Kidhibiti cha Manenosiri".

Wazo lake ni lile la Waroma, kwamba siri moja isibebe kila kitu, isipokuwa safari hii kubeba ni kazi ya mashine. Programu inabuni nenosiri refu la takataka kwa kila tovuti, tofauti, ambalo hata wewe hulijui. Yote yanafungwa kwenye sanduku moja, na unakumbuka nenosiri moja tu la kulifungua. Kwa programu zilizotengenezwa vizuri, kufunga kunafanyika kwenye kifaa chako kabla sanduku halijatumwa popote, kwa hivyo hata kampuni yenyewe inashika sanduku bila ufunguo.

Kuna faida nyingine ambayo watu hawaisemi. Wewe unaweza kudanganywa na tovuti feki yenye rangi na nembo zilezile. Kidhibiti hakiangalii rangi, kinasoma anwani. Anwani ikiwa na herufi moja tofauti, kinakataa kujaza. Kikikataa, simama kwanza, usiandike kwa mkono kwa hasira.

"Na wakiiba sanduku?"

Swali zuri, na historia inalo jibu, tena chungu. Mwaka 2022 LastPass, mojawapo ya programu kubwa za aina hii, ilidukuliwa. Wezi walipitia kompyuta ya nyumbani ya mhandisi mmoja wa kampuni, wakaondoka na nakala za masanduku ya wateja. Mengi ya yaliyomo yalikuwa yamefungwa, lakini anwani za tovuti hazikuwa zimefungwa, na yule aliyekuwa na nenosiri kuu hafifu alibaki hatarini, kwa sababu mwizi mwenye sanduku mkononi anabahatisha usiku na mchana bila kukatizwa na mtu.

Kwa hivyo sikuambii hiki ni kinga ya kila kitu. Nakuambia ulinganishe hatari mbili. Kwa upande mmoja, kampuni ambayo kazi yake yote ni kulinda sanduku, na inaweza kushindwa. Kwa upande wa pili, duka la viatu ambalo kazi yake ni viatu, likishikilia ufunguo wa email yako. Mimi nimeshaishi upande wa pili. Gharama ilikuwa 3,000 na aibu.

Kama uko na nusu saa leo

Anza na email, kwa sababu ndiyo mama wa akaunti zote. Mwenye email yako anabonyeza "nimesahau nenosiri" kwingine kote na kuchukua. Kama email yako ilifunguliwa saiba, badilisha nenosiri leo, na uangalie ni namba ya nani iliyowekwa ya kurejesha akaunti. Wengine mtashangaa.

Kisha chagua kidhibiti kimoja. Bitwarden ina kiwango cha bure, KeePass ni ya bure kabisa na inakaa kwenye kifaa chako bila bando, na kile cha ndani ya simu ni bora kuliko kichwa chako. Kwa nenosiri kuu, tumia maneno matano yasiyohusiana, yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu, sio kutoka kwa wimbo unaoupenda. Mwaka 1995 Arnold Reinhold alileta njia ya kuchagua kwa kurusha dadu, kwenye orodha ya maneno 7,776. Unaweza kufanya hivyo na kamusi ya Kiswahili: fungua kurasa bila kuangalia, kidole kiangukie neno.

Liandike kwenye karatasi, uiweke nyumbani pamoja na cheti chako cha kuzaliwa. Ndiyo, karatasi. Mwizi wa mtandaoni hafiki kwenye sanduku la mamako. Washa uthibitishaji wa hatua mbili, na ukiweza tumia programu ya kutoa nambari badala ya SMS, kwa sababu laini ya simu huweza kuhamishwa na matapeli. PIN ya M-Pesa bado itabaki kichwani, tarakimu nne, michanganyiko 10,000 tu, kwa hivyo angalau isiwe mwaka wako wa kuzaliwa.

Halafu angalia Have I Been Pwned, tovuti ambayo Troy Hunt aliianzisha mwaka 2013. Unaweka email, inakuambia imevuja wapi. Yangu ilikuwa imevuja mara tatu.

Mwaka 2014 Corbató, yule wa MIT, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 80, aliulizwa kuhusu nenosiri. Akasema limegeuka kuwa jinamizi, na kwamba hakuna anayeweza kuyakumbuka yote. Zimebaki njia mbili, alisema: karatasi au programu ya kuyatunza, na zote ni usumbufu. Yeye alitumia karatasi, kurasa tatu zilizopigwa chapa, manenosiri kama 150. Alifariki mwaka 2019. Kwa hivyo nikisikia mtu akicheka mwingine ati "umesahau tena?", huwa namkumbuka huyo mzee na karatasi zake.

Shangazi nilimrudishia 3,000 yake, ingawa alikataa mara mbili. Sai nikimwandikia kitu chochote cha pesa, hajibu. Ananipigia, hata kusalimia hasalimii, anauliza: "Ng'ombe wa nyanya yako aliyekupiga teke aliitwa nani?" Nikijibu vizuri ndipo tunaendelea. Hajawahi kumsikia Polybius, lakini kambi yake iko salama.

Jina la ng'ombe siwaambii.